Pembe ya Shuka

Uongo wenyewe hakuutunga Sharafat. Ulitungwa na shangazi yake, mama mmoja wa Firozabad aliyezoea kuuza bangili za kioo mlango kwa mlango, siku alipokuja kumposea hapa Tajganj, mtaa wa Agra ulio jirani na Rauza, lile kaburi la marumaru la malkia. Mzee Bundu, baba wa msichana, alikuwa dobi wa mtoni, na neno lake lilikuwa moja tu. "Binti yangu amekulia kwenye maji ya sabuni," alisema. "Simtoi kwangu kumpeleka kwa dobi mwingine, wala kwa mtu wa pasi, hata awe mtoto wa nawabu. Mkwe wangu afanye kazi juu, penye hewa." Shangazi akameza chai yake, akajibu bila kupepesa jicho, "Juu? Mwanangu yuko ghorofa ya nne ya hoteli ya Anarbagh. Ndiye anayefungua mapazia ili wageni waione Rauza."

Sharafat alikuwa amekaa pembeni kwenye mkeka, macho chini kama inavyompasa mposaji. Alikuwa na miezi mitano kazini Anarbagh, ndiyo, lakini kwenye chumba cha kufulia kilicho chini ya ardhi, hakuna dirisha hata la kupitisha panya. Alitaka kusema. Wallahi alitaka. Ila pazia la mlango wa ndani lilisogea kidogo, akaona jicho moja na nusu ya tabasamu, basi, ulimi ukamganda. Mambo ya ujana hayo, nani wa kumlaumu?

Wakaoana. Jioni ya kwanza aliyorudi kutoka kazini baada ya harusi, Kamrun, maana ndilo jina la bibi harusi, alimwekea maji ya kunawa, akakaa mbele yake, akauliza, "Haya niambie, Rauza imeamkaje leo huko juu?" Sharafat akajikuna shingo. Tangu alfajiri alikuwa ameangalia ukuta mweupe ulio mbele ya meza yake ya pasi, ukuta na mvuke. Akasema lililomjia mdomoni. "Jua limechomoza taratibu nyuma ya kuba, jekundu, likakaa juu ya kichwa cha malkia kama limetumwa."

"Mashallah," akasema Kamrun, akainamisha uso.

Hapo ndipo alipoharibu, na hakujua kwamba ameharibu mpaka miaka miwili baadaye, siku alipokuwa anavuta hewa nyuma ya hoteli na kuanza kupima mashariki na magharibi kwa mikono yake. Anarbagh iko upande wa mashariki wa Rauza. Aliye chumbani anaona machweo. Jua haliwezi kuchomoza nyuma ya lile kuba hata ulibembeleze, linachomoza nyuma ya hoteli yenyewe, kule kwenye mapipa ya taka. Lakini utarudi nyuma vipi? Kamrun alikuwa ameshalizoea lile jua. Alipokuwa na mimba ya Nargis, na kila alichokula kinarudi, alikuwa anajilaza tu na kusema, "Nisimulie lile jua lako." Na Sharafat anasimulia, nyuma ya kuba, taratibu, jekundu.

Mengine yote aliyapata kwa Girdhari. Girdhari alikuwa mhudumu wa vyumba wa ghorofa ya nne, mtu mnene mwenye huruma, naye Sharafat alimweleza siri yake mapema kwa sababu mtu hawezi kubeba uongo peke yake. Mchana walikula pamoja kwenye ngazi za nyuma, kila mmoja na mkebe wake.

"Leo nini?" Sharafat angeuliza.

"Leo ukungu, kaka. Kuba linaning'inia hewani, chini hakuna kitu. Mgeni mmoja wa kike amelia."

"Amelia kwa sauti?"

"Amelia vizuri tu, kistaarabu."

Jioni Kamrun aliletewa ukungu na mgeni wake, vingali vya moto. Kwa namna hiyo aliletewa mvua, aliletewa mwezi mpevu, aliletewa tumbili aliyeiba mkate wa balozi kwenye kibaraza. Na huko chini Sharafat alipiga pasi. Msidhani ni kazi ya kuchezea. Mashuka ya ghorofa nyingine yalipitishwa kwenye mashine kubwa yenye mabomba, ila ya ghorofa ya nne yalipigwa kwa mkono, na mkono wenyewe ni wake. Alinyunyiza maji kwa ncha za vidole, akasikiliza pasi inavyolia ikigusa kitambaa, akajua joto lake kwa sauti hiyo. Shuka alilolikunja yeye ungeliweka mezani ukadhani ni karatasi ya serikali. Hoteli nzima ilimwita Ami Pasi, na wengi hata hawakujua kwamba ana jina lingine.

Sasa, Anarbagh ina desturi yake. Anayestaafu baada ya miaka thelathini hulala usiku mmoja ghorofa ya nne, yeye na mwenzake, kama mgeni kamili, na hakuna wa kumtuma kitu. Sharafat alipofikisha thelathini na mmoja na magoti yakaanza kulalamika, aliomba kuondoka kimyakimya. Alimwendea Bi Mathur, mkuu wa watumishi, kofia mkononi.

"Madamu, ule usiku mumpe mwingine. Mke wangu ana magoti."

"Kuna lifti, Ami."

"Hali chakula cha hoteli."

"Alete chake."

"Anakoroma, madamu."

"Kuta zetu ni nene," akasema Bi Mathur, na barua ikapelekwa nyumbani siku hiyohiyo kwa mkono, ili mzee asije akaimeza njiani.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, na aliyeisoma ni Nargis, binti yao, mwalimu wa shule ya wasichana, aliyekuwa amekuja kuwaona. Sharafat alikaa ukingoni mwa kitanda cha kamba, roho mkononi, maana alijua kazi yake imeandikwa humo kwa ukamilifu wake. "Kwa mpendwa wetu Sharafat Ali," akaanza Nargis, halafu jicho lake likashuka mstari mmoja, likasimama, likamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anamenya njegere wala hakuinua kichwa. "Mtumishi wetu wa miaka mingi," akaendelea Nargis, "tunakukaribisha wewe na mkeo…" Sharafat akashusha pumzi. Alimshukuru Mungu kwamba Kiingereza cha hoteli kimemshinda hata mwalimu.

Lakini usiku wenyewe ulibaki palepale unakuja. Na nikwambie alichokiogopa, maana watu huku mtaani walidhani anaogopa lifti. Hakuogopa kuchekwa. Mzee Bundu alikuwa amekufa zamani, hakuna wa kumnyang'anya mke. Alichoogopa ni kwamba Kamrun atakaa kwenye kile chumba, atasikia mtu mmoja tu akiita "Ami Pasi," halafu ataanza kuzirudia moyoni zile jioni zote, elfu kumi na ushei, moja moja, ukungu, mwezi, tumbili, na kila moja ataiona ni bandia. Mtu anaweza kumsamehe mumewe uongo mmoja. Je, uongo wa kila siku na chai yake?

Alimshika Girdhari mikono yote miwili. "Kaka, nisitiri. Waambie wote. Siku hiyo mtu asitamke neno pasi. Mimi ni mtu wa mapazia."

"Niachie mimi," akasema Girdhari. Na hilo lingemtia wasiwasi mtu mwenye akili timamu, maana Girdhari hajawahi kufanya jambo kwa kiasi.

Walifika alasiri, ukungu wa baridi umeshakwisha, hewa safi. Kamrun alivaa shalwari ya kijani ya harusi ya Nargis na viatu vilivyombana, na kwapani alibana mkebe wa chapati za samli, viazi vya bizari na achari ya embe, kwa kuwa hakuwa na imani na jiko asilolijua. Bawabu mwenye kilemba, mtu wa futi sita, akapiga saluti mpaka masharubu yakatikisika. "Karibu sana, Ami wa Mapazia!"

Sharafat akafumba macho.

Mapokezini, msichana aliwavisha shada za maua ya njano. "Ami, mapazia yote yanakusalimia," akasema kwa tabasamu la mtu aliyefundishwa maneno asubuhi hiyo. Aliyebeba mkoba wao akasema siku hizi hakuna anayefungua pazia kama Ami alivyokuwa akifungua. Mpishi, aliyekuwa anapita tu na sinia, akasimama akasema, "Mapazia!" akaenda zake.

Ndani ya lifti Kamrun alirekebisha mtandio. "Watu wako wanapenda mapazia," akasema.

"Ni hoteli ya mapazia," akajibu Sharafat.

Mlangoni mwa chumba alikuwepo Girdhari, jasho linamtiririka kwa furaha. "Shemeji, karibu. Kaka, nimeyafunga makusudi, uyafungue mwenyewe mbele ya shemeji!" Akatoka mbio kabla Sharafat hajamkamata.

Chumba kilikuwa kikubwa kuliko nyumba yao na ya jirani, na upande mmoja, kuanzia darini mpaka chini, limening'inia pazia zito rangi ya zafarani. Kamrun akakaa kwenye kiti, akavua viatu, akaweka mkebe mapajani. "Haya bwana," akasema. "Miaka yote nasikia tu. Leo nione kazi yako."

Sharafat akaliendea pazia. Akatafuta kamba kulia, hakuna. Akatafuta kushoto, hakuna. Akapapasa juu, akapapasa chini, akaingiza kichwa nyuma ya kitambaa akatoka na vumbi kwenye nyusi. Akavuta. Pazia likakataa. Akavuta kwa nguvu zaidi, kitu kikalia huko juu, akaacha.

"Leo limekusahau?" akauliza Kamrun.

"Wamebadilisha. Zamani ilikuwa kamba."

"Zamani lini? Jana ulikuwa kazini."

"Wamebadilisha jana jioni. Unajua hawa watu."

Kamrun akainuka, akaenda kando ya kitanda penye vitufe vitatu, kimoja kimechorwa taa, kimoja kimechorwa kengele, kimoja kimechorwa pazia ambalo hata mtoto angelitambua. Akabonyeza. Mtambo ukanguruma kidogo huko darini na lile pazia likafunguka lenyewe, taratibu, kwa adabu kubwa.

Na Rauza ikawa imesimama pale.

Kamrun alikulia nyuma yake, chini kabisa ukingoni mwa Yamuna, ambako baba yake alipiga nguo kwenye mawe. Kule dobi anaona ukuta mwekundu na kichwa cha kuba, basi. "Kumbe ina kiwiliwili," akasema hatimaye, polepole. "Kumbe ina mabega na miguu." Machozi yakamtoka wala hakuyafuta. Sharafat naye ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona kutoka huko juu, na maskini ya Mungu hakuwa na ruhusa ya kushangaa. Alikohoa, akapenga kamasi, akasema, "Ndiyo, ndivyo ilivyo kila siku," na sauti ikamkatika katikati.

Walikula chapati zao hapohapo, wametandika gazeti. Jua likaanza kushuka. Likashuka kushoto kwa mnara, likasogea, likaenda kujificha nyuma ya kuba, jekundu, taratibu, vilevile kama Sharafat alivyolisimulia siku zote, ila lilikuwa linaenda chini.

"Baba Nargis."

"Naam."

"Jua lako linazama kule."

"Naona."

"Na asubuhi linatokea palepale linapozama?"

Sharafat akatafuna kipande cha embe muda mrefu sana. "Jua la hapa lina mambo yake," akasema.

"Haya," akasema Kamrun, akakung'uta makombo.

Akaenda kitandani. Sasa hapa mjue kitu kimoja kuhusu binti wa dobi. Binti wa dobi hakai juu ya shuka la watu kabla hajalipindua pembe. Harusini, kwa wakwe, hata hospitali alipolazwa kwa kibofu, Kamrun huingiza vidole chini ya pembe ya miguuni, analigeuza, anatazama alama. Kila dobi ana alama yake, kila familia imerithi, na wao wanazisoma kama sisi tunavyosoma mabango. Mzee Bundu hakujua kuandika hata jina lake. Alikuwa na nukta mbili na kulabu, alizozitia kwa utomvu wa kokwa ambao hautoki kwa sabuni yoyote. Nukta mbili na kulabu, basi, ndiyo iliyokuwa hati yake yote duniani. Hakuwa na mtoto wa kiume. Madobi walipoambiwa waondoke pale ukingoni, alirudi nyumbani na jiwe lake la kufulia kwenye mkokoteni, akaliweka uani, na hakumaliza mwaka. Kamrun hakulia sana makaburini. Alilia siku ya arobaini, alipokikuta kichupa cha ule utomvu kimekauka. "Sasa hakuna nguo hata moja Agra nzima yenye alama ya Baba," alisema, na Sharafat alimsikia.

Akapindua pembe ya shuka.

Kwenye pindo, kwa uzi mwekundu, kitu kidogo mfano wa punje ya dengu ambacho mgeni hatakiona akilala hapo mwaka mzima, palikuwa na nukta mbili na kulabu.

Kamrun akaenda upande wa pili, akapindua. Ipo. Akachukua foronya, akaigeuza ndani nje. Ipo. Akakaa sakafuni palepale, pembe ya shuka mkononi, mgongo umempa mumewe.

Sharafat aliona mgongo ule akajua mambo yamekwisha. Angeweza bado kusema ni watu wa kufulia, sijui, nitawauliza kesho. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na miaka thelathini na mmoja yalikuwa yakimtii. Lakini ile alama ilikuwa ya mzee wa watu. Akakuta hawezi kuisemea uongo.

"Ni mimi," akasema. "Mama Nargis, nimeitia mimi. Sijawahi kufungua pazia hata siku moja. Mimi ni mtu wa pasi, kule chini, tangu kabla sijakuoa. Kila ghorofa ina alama yake ili mashuka yasichanganyike, na ya nne waliniachia nichague mwenyewe. Baba alipokufa nikaibadilisha. Kila shuka lililopanda huku limepanda na alama yake. Wameilalia mabalozi. Wameilalia maharusi. Basi. Sema unachotaka kusema."

Halafu mabega ya Kamrun yakaanza kutikisika, na Sharafat, akidhani analia, akapiga magoti kwa shida karibu naye. Alikuwa analia, ndiyo. Alikuwa anacheka pia.

"Najua ni wewe," akasema. "Kulabu umeigeuza."

"Nini?"

"Kulabu ya Baba inatazama kulia. Hii yako inatazama kushoto. Ya Rabi! Jua umeligeuza, kulabu umeigeuza. Agra nzima mtu wa namna hii ni mmoja tu, na nimeolewa naye mimi."

"Jua… ulijua?"

"Mimi nimeanika nguo nyuma ya Rauza tangu nina miaka sita. Ukikosea jua linakotokea, nguo hazikauki na unapigwa. Halafu wewe wa Firozabad uje unifundishe mashariki?"

"Na pasi?"

Kamrun akamshika mkono wa kulia, akaukunjua kiganja, akaweka kidole gumba kwenye sugu iliyo chini ya kidole cha kwanza, sugu ya mpini, ngumu kama kwato. "Usiku wa kwanza uliponishika mkono. Binti wa dobi, bwana we. Ulidhani nitafikiri ni sugu ya mapazia?"

"Mungu wangu. Na baba yako hakujua?"

"Alijua kabla yangu. Alikushika mkono siku ya nikaha. Akaja nyuma kwa mama, uso umemvimba, akasema, 'Huyu ni mtu wa pasi, tumedanganywa mchana kweupe.' Mama akamuuliza, 'Sasa?' Akakaa kidogo, akasema, 'Sasa nini? Biriani imeshaiva, watu wameshakaa.'"

Walicheka mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta, na kweli kuta zile ni nene. Sharafat alifuta macho kwa shada lake la maua. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, jambo lililokuwa limemkaa rohoni kuliko yote.

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hiyo nasimulia kama mwendawazimu na wewe unaitikia mashallah."

Kamrun alikuwa anaulaza uzi mwekundu kwa ukucha. "Ningekwambia, ungeacha kunisimulia," akasema. "Wanaume wa huku wakirudi kutoka kazini wanavua viatu na kuomba chakula. Wewe ulikuwa unaniletea Rauza. Shoga zangu wote walinionea wivu. Mimi nikuambie uache, nina kichaa?"

Sharafat akakichukua kile kiganja cha mkewe, chenye vidole vilivyokunjamana mapema kwa maji ya sabuni, akakiweka usoni kwake, wakakaa hivyo sakafuni, kitanda cha mabalozi kitupu nyuma yao.

Alfajiri, baada ya sala, wageni wa ghorofa nzima walikuwa wameshajaa vibarazani na kamera zao. Kamrun alikuwa amevaa viatu.

"Unakwenda wapi?" akauliza Sharafat. "Sasa hivi Rauza inageuka waridi. Girdhari anasema ndiyo saa yake."

"Nimeshaiona. Nipeleke chini."

"Chini wapi? Kuna joto, kuna mvuke, magoti yako…"

"Kuna lifti, Ami Pasi," akasema Kamrun. Kumbe jina hilo nalo alilijua muda wote.

Chumba cha kufulia kilikuwa kimeshaamka. Walipotokea mlangoni, kazi ilisimama. Watu wakatazamana, wakakumbuka onyo la Girdhari, na mzee mmoja wa mashine akajitahidi kusema, "Karibu, Ami wa Map…"

"Pasi," akasema Kamrun. "Semeni tu. Mimi ndiye mke wa pasi."

Mbona palilipuka! "Ami Pasi! Ami Pasi!" Wakagonga meza, wakapuliza mvuke, wakamletea kiti na bilauri ya chai iliyojaa sukari. Sudha, mwanamke mrefu aliyerithi meza ya ghorofa ya nne, alimwonyesha shuka mbichi na sindano yenye uzi mwekundu. "Mama, Ami ndiye kanifundisha. Nukta mbili na hiki kidude. Nilimuuliza ni nini akaniambia ni ua."

"Si ua," akasema Kamrun. "Ni jina la baba yangu." Akaichukua sindano, akavaa miwani, akainamia lile pindo. Alichukua muda wake, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza akakata uzi kwa meno. "Kulabu itazame hivi, mwanangu. Kulia. Huyu mzee usimsikilize kwenye mambo ya kulia na kushoto."

"Kulia," akasema Sudha, akajaribu mwenyewe kwenye shuka lililofuata, ikatoka sawasawa.

Kisha Kamrun akainuka, akaenda mpaka kwenye meza ya mumewe. Akasimama pale alipokuwa akisimama yeye, kwenye ule mkeka wa mpira uliolika sehemu mbili kwa umbo la nyayo zake, na akatazama mbele. Palikuwa na ukuta mweupe, chokaa imebabuka, doa la unyevu kwenye kona. Ukuta tu, hauna kitu kingine. Akautazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama Rauza.

"Ndilo hili dirisha lako?"

"Ndilo," akasema Sharafat, ameona haya.

Kamrun akamvuta mkono, akamsimamisha kando yake, wote wakiuelekea ule ukuta. Huko juu wageni walikuwa wanapiga picha. Mvuke ulipanda, watu wakarudi kazini.

"Haya," akasema Kamrun. "Niambie, Rauza imeamkaje leo?"

Sharafat akasafisha koo. "Jua," akaanza, "limechomoza taratibu…"

"Wapi?"

"Nyuma ya kuba."

"Mashallah," akasema Kamrun.